Kuwafundisha Watoto Kukusanya Habari na Kuzisoma

Leo nimepewa nafasi ya kusema nanyi juu ya jambo ambalo kwa jina lake laonekana kubwa, bali kwa kweli mtoto wa darasa la kwanza aweza kulianza. Jambo hilo ni takwimu. Maana yake ni kukusanya habari kwa hesabu, kuziandika kwa utaratibu, kisha kuzisoma ili kujua zatuambia nini, na mambo gani hazituambii.

Kazi yangu ni kuwafundisha vijana wanaojitayarisha kuwa walimu wa shule za msingi. Kila mwaka huwafuata katika shule za vijiji vya Wilaya za Tarime na Serengeti, wanapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Huko nimeona jambo moja mara nyingi. Mgeni aingiapo darasani, watoto husimama wakaimba moja, mbili, tatu, hata mia, pasipo kukwama. Sauti zao hupendeza. Lakini ukiwauliza, “Katika darasa hili, wangapi huvuka mto kuja shuleni?” hutazamana wao kwa wao. Mmoja hujibu, “Wengi.” Mwingine hujibu, “Wachache.” Wa tatu hutaja namba yo yote, mradi amejibu. Namba wanazo midomoni, walakini hawajapata kuzituma kazi.

Wala tusidhani ya kuwa kazi hiyo ni ya kigeni kwetu. Mtazameni kijana mchungaji wakati wa jioni, ng'ombe waingiapo zizini. Hasimami kuwahesabu kwa kidole. Wazee wengi katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki hawakupenda ng'ombe wala watoto wahesabiwe kwa kidole, wakichelea balaa. Hata hivyo, akipungua ng'ombe mmoja, kijana hujua mara, tena hujua ni yupi: yule mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni, au yule mweusi aliyevunjika pembe. Maana amekwisha kuwapanga moyoni mwake kwa rangi, kwa pembe, kwa umri, na kwa mama zao. Huko kupanga vitu kwa namna zake ndiko mwanzo wa takwimu. Basi mtoto wa mfugaji ajapo shuleni ana nusu ya elimu hii tayari. Kazi ya mwalimu ni kumpa nusu ya pili, yaani kuandika. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Yaliyo moyoni mwa mchungaji mwenzake hawezi kuyasoma, bali yaliyo katika daftari husomwa hata na mtu asiyemjua, hata baada ya miaka hamsini.

Huenda mmoja wenu akasema, “Mwalimu, hayo yatatufaa nini? Mtoto na asome, aandike, ajue kujumlisha na kutoa, yatosha.” Nitamjibu kwa habari ya hapa hapa kwetu, habari ya nyumbu wa Serengeti.

Mwaka 1958, bwana mmoja wa Ujerumani, jina lake Bernhard Grzimek, pamoja na mwanawe Michael, waliruka juu ya Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa mistari kama punda milia, wakawahesabu wanyama. Walipata nyumbu wapatao 99,000. Michael hakuishi kuona matunda ya kazi hiyo, kwani ndege ilianguka Januari 1959, akafa, akazikwa Ngorongoro. Mwaka 1961 watu wengine waliwahesabu nyumbu hao tena kutoka angani, wakapata zaidi ya 200,000.

Simameni hapa kidogo, wanafunzi, mfikiri. Je, nyumbu waliongezeka maradufu kwa miaka mitatu? Nyumbu jike huzaa ndama mmoja tu kwa mwaka, na ndama wengi huliwa na simba na fisi, au hufa maji wavukapo mito. Kuongezeka kwa namna hiyo si rahisi. Basi yafaa tufahamu ya kuwa sehemu kubwa ya tofauti ile ilitoka kwa wahesabuji na njia zao, si kwa nyumbu. Kuhesabu makundi yaendayo mbio kwa jicho tu, hali ndege yapita, si sawa na kuyapiga picha ukaketi chini kuyahesabu kwa utulivu. Hilo ni fundisho la kwanza: mtu akikuletea idadi, kwanza muulize, “Mlihesabuje?”

Baadaye hesabu ziliendelea mara kwa mara, na kwa uangalifu zaidi. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1970, nyumbu walikuwa zaidi ya milioni moja. Sasa hapakuwa na shaka tena ya kuwa wameongezeka, na wengi sana. Ndipo likaja swali la pili: kwa nini?

Wazee wafugaji walijua ugonjwa uitwao sotoka. Sotoka iliingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890, ikaua ng'ombe wasio na idadi, na nyati na nyumbu pamoja nao. Nyumba zilizokuwa na mali jana zikawa maskini leo, na njaa ikafuata. Kwa muda mrefu watu wengi, na wataalamu miongoni mwao, walidhani ya kuwa wanyama wa porini ndio wanaouhifadhi ugonjwa huo na kuwaletea ng'ombe. Tangu miaka ya 1950, ng'ombe wa wafugaji wanaokaa kandokando ya mbuga walichanjwa. Nyumbu hawakuchanjwa hata mmoja. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960, wataalamu walipopima damu ya nyumbu wachanga, waliona dalili za sotoka zimetoweka. Ndama wa nyumbu waliokuwa wakifa wakawa wanakua.

Mwaona maana yake? Kama ugonjwa ungalikuwa wa nyumbu, chanjo ya ng'ombe isingaliwaponya nyumbu. Kumbe ng'ombe ndio waliokuwa wakiwaambukiza nyumbu! Mnyama wa porini alishitakiwa kwa kosa lisilo lake. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1970 mvua ya kiangazi nayo iliongezeka, majani yakawa mengi, na hilo pia liliwasaidia kuongezeka. Lakini mashitaka yale ya zamani yasingaliondolewa kwa maneno matupu. Yaliondolewa kwa hesabu zilizoandikwa na damu iliyopimwa. Na mwaka 2011 ilitangazwa ya kuwa sotoka imekwisha duniani kote.

Basi, wazazi na walimu wenzangu, tazameni mambo manne yaliyomo katika habari ile. Palikuwa na swali. Palikuwa na njia ya kuhesabu. Palikuwa na kuandika mwaka kwa mwaka. Kisha palikuwa na kusoma yaliyoandikwa, na kukubali yasemayo hata yakiwa kinyume cha tulivyodhani. Mambo hayo manne mtoto wa miaka saba aweza kuyafanya, ikiwa tutampa kitu kilicho karibu naye. Nitaeleza namna yake kwa mfano.

Tuseme darasa la pili lina watoto arobaini, na mwalimu ataka wajifunze habari ya maji. Jambo la kwanza ni swali. Akiuliza, “Nyumbani kwenu mnateka maji wapi?” swali hilo ni pana mno, kwa kuwa wengine huteka kisimani wakati wa kiangazi na kukinga maji ya mvua wakati wa masika. Mtoto mmoja atakuwa na majibu mawili. Heri aulize, “Jana jioni, maji yaliyotumika nyumbani kwenu yalitekwa wapi?” Hapo kila mtoto ana jibu moja. Swali zuri kwa watoto wadogo ni lile ambalo kila mmoja aweza kulijibu kwa ukweli, wala hapana aliye na majibu yote, hata mwalimu mwenyewe. Watoto huona upesi sana kama mwalimu auliza jambo alijualo, na wakiona hivyo hawatafuti ukweli, hutafuta kumpendeza.

Jambo la pili ni kupatana juu ya mafungu kabla ya kuhesabu. Mto ni fungu moja, kisima ni la pili, bomba ni la tatu, lambo ni la nne. Je, aliyeteka katika dimbwi lililo kando ya mto, aingie wapi? Waachieni watoto wabishane kidogo, kisha wapatane. Mwalimu asiwe na haraka ya kuwakatia shauri, maana mabishano hayo ndiyo somo lenyewe.

Jambo la tatu ni kuhesabu. Hapo hatuhitaji vifaa vya fedha. Kila mtoto apewe kizibo kimoja cha soda, au jiwe moja dogo, au punje moja ya hindi. Ardhini, chini ya mti, mwalimu achore mstari mmoja ulionyooka, na juu yake aandike majina ya mafungu manne. Watoto wapite mmoja mmoja, kila mtu aweke kizibo chake katika fungu lake, vizibo vifuatane safu kwa safu kuanzia katika mstari. Kwa kuwa kila mtoto ana kizibo kimoja tu, hapana atakayehesabiwa mara mbili, wala hapana atakayesahauliwa. Kizibo kikibaki mkononi mwa mwalimu, yuko mtoto ambaye hakujibu, na atafutwe.

Baada ya siku kadhaa, watoto waweza kuviacha vizibo wakatumia vijiti vya chaki ubaoni: kijiti kimoja kwa kila jibu, na kijiti cha tano kikate vinne vya kwanza, ili macho yahesabu kwa matano matano. Tena baadaye waweza kuchora picha, mathalani picha moja ya ndoo kwa kila jibu. Lakini hapo yapasa kuangalia sana. Ndoo zote ziwe za kimo kimoja, na safu zote zianze mahali pamoja. Nimeona ubaoni ng'ombe watatu wakubwa wamechorwa kando ya mbuzi watano wadogo, na watoto wote wakasema ng'ombe ni wengi zaidi, kwa kuwa picha zao zilijaza ubao. Jicho la mtoto hudanganyika, na jicho la mtu mzima pia.

Tuseme vizibo vilikuwa hivi: mto 17, kisima 12, bomba 6, lambo 5. Jumla yake ni 40, sawa na idadi ya watoto. Sasa lafuata jambo la nne, ambalo walimu wengi hulisahau, nalo ni kusoma. Kengele hulia, vizibo huokotwa, na somo huisha bila ya mtu kuuliza vizibo vilisema nini. Hiyo ni sawa na kulima, kupanda na kupalilia, kisha usivune.

Nawashauri walimu wawaulize watoto maswali matatu. La kwanza: twaona nini? Watoto watajibu ya kuwa safu ya mto ni ndefu kuliko zote, na ya lambo ni fupi kuliko zote. La pili: tofauti ni kiasi gani? Watoto wapange vizibo vya mto kando ya vizibo vya kisima, kimoja kwa kimoja, waone ya kuwa mto umezidi kwa 5. La tatu ndilo gumu na ndilo bora: twaweza kusema nini kwa haki, na jambo gani hatuwezi kulisema? Mtoto mmoja atasema, “Nyumba nyingi za kijiji chetu huteka mtoni.” Mwulizeni, “Je, tulihesabu nyumba, au tulihesabu watoto?” Hapo watakumbuka ya kuwa ndugu watatu wa nyumba moja wote waliweka vizibo katika fungu la mto. Wakirudia kazi kwa kuweka kizibo kimoja kwa kila nyumba, huenda wakapata mto 13, kisima 11, bomba 6, lambo 5, yaani nyumba 35. Mto bado ni wa kwanza, lakini umezidi kisima kwa 2 tu. Tena hizo ni nyumba zenye watoto katika darasa la pili, wala si nyumba zote za kijiji. Tena ni jana jioni tu, wala si mwaka mzima. Mtoto aliyeyafahamu hayo amefahamu jambo ambalo watu wazima wengi husahau kila siku.

Sasa nitawaeleza jambo nililolishuhudia katika shule moja ya kijiji, nayo sitaitaja. Alikuwapo huko mwanachuo mmoja katika mazoezi yake. Katika shule hiyo watoto wachelewao walichapwa fimbo langoni kila asubuhi, na neno lililosemwa juu yao lilikuwa ni uvivu. Mwanachuo huyo hakubishana na mtu. Alilitaka darasa lake la tatu lihesabu. Liliweka kopo moja mlangoni, na kila aliyechelewa alitia punje moja: aliyetoka ng'ambo ya mto alitia haragwe, na aliyetoka upande wa shule alitia hindi. Jina la mtu halikuandikwa. Kila jioni punje zilihesabiwa, na vijiti vikaandikwa ubaoni. Watoto waliongeza jambo moja kwa shauri lao wenyewe: waliandika pia kama usiku uliotangulia mvua ilinyesha au haikunyesha.

Baada ya siku kumi za shule walihesabu yote. Maharagwe yalikuwa 46, mahindi 14. Watoto wa upande wa shule wakapiga makofi kuwacheka wenzao. Ndipo msichana mmoja akasimama akasema, “Mwalimu, tusiwacheke kwanza. Tuhesabu pia wao ni wangapi, na sisi ni wangapi.” Lilikuwa neno la hekima, ingawa kwa mara ya kwanza lilionekana kuwazidishia lawama wa ng'ambo. Maana darasa lilikuwa na watoto 48: wa ng'ambo 16 tu, na wa upande wa shule 32. Basi kila mtoto wa ng'ambo alikuwa amechelewa karibu mara tatu, hali wawili wa upande huu kwa pamoja hawakufikisha hata mara moja. Kama sababu ni uvivu, je, wavivu wote wamezaliwa ng'ambo ya mto?

Wakatazama safu ya mvua. Katika siku kumi zile, nne zilifuata usiku wa mvua. Katika maharagwe 46, 35 yalitiwa siku hizo nne, na 11 tu siku sita zilizobaki. Kwa mahindi, siku za mvua na siku kavu hazikutofautiana sana. Darasa likanyamaza. Hakuna aliyewaambia ya kuwa maji ya mto hujaa baada ya mvua, wala ya kuwa mtoto wa miaka tisa hungoja kandoni mpaka apite mtu mzima wa kumshika mkono. Wote walilijua jambo hilo tangu zamani. Lakini hawakuwa wamelitia katika mizani.

Mwanachuo aliunakili ubao ule katika karatasi, akampelekea mwalimu mkuu kwa adabu, na mwalimu mkuu akaipeleka mbele ya kamati ya shule. Siwezi kuwaambia ya kuwa daraja lilijengwa, kwa maana mpaka mazoezi yalipokwisha halikuwa limejengwa. Lakini wazee walikwenda kukitazama kivuko. Tena walipatana ya kuwa siku iliyofuata usiku wa mvua, mtoto wa ng'ambo asipigwe kwa kuchelewa, na ya kuwa wakubwa wawili wa upande ule wawavushe wadogo kwa zamu. Wala wale 14 wa upande huu hawakusamehewa bure. Waliulizwa sababu, na baadhi yao kweli walikuwa wamelala.

Nimeieleza habari hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, mwone ya kuwa hesabu ya watoto si mchezo. Punje sitini za kopo moja ziliinua fimbo mgongoni mwa watoto. Pili, mwone jambo ambalo hesabu haikulisema. Haikusema ya kuwa mto ndio sababu. Ilisema tu ya kuwa kuchelewa na mvua na ng'ambo vilikwenda pamoja. Sababu ilipatikana wazee walipokwenda kuona kwa macho yao. Mtoto na afundishwe kutofautisha mambo hayo mawili mapema, kwa kuwa vitu viwili kwenda pamoja si lazima kimoja kiwe kimemzaa mwenzake.

Lakini silaha yo yote nzuri yaweza kuumiza. Kuna mambo yasiyofaa kuhesabiwa mbele ya darasa. Msiulize baba wa nani ana ng'ombe wangapi, wala nani hakula jana usiku, wala nani hana viatu, hali wenzake wamtazama. Swali kama hilo humwaibisha mtoto, naye atajibu uongo ili kujisitiri, basi mtapata aibu na uongo pamoja. Ikiwa ni lazima kujua jambo la siri, tumieni kopo na punje kama walivyofanya wale, jina lisitajwe. Watoto wajue tangu mwanzo ya kuwa mwenye habari za watu amewekewa amana.

Tena mwalimu asibadilishe idadi hata kidogo ili ipendeze. Mtoto akisema, “Mwalimu, twaona kinyume cha ulivyosema,” amshukuru mbele ya wote, kisha wahesabu tena pamoja. Mtoto akimwona mwalimu wake akifuta vijiti viwili ubaoni ili jibu lake liwe sawa, amefundishwa siku hiyo somo baya kuliko ujinga.

Ninyi wazazi pia mna sehemu yenu nyumbani. Mpeni mtoto kopo lenye ubavu ulionyooka, aliweke mahali peupe, mbali na miti na mbali na mapaa, na kila asubuhi saa ile ile apime kwa rula kina cha maji ya mvua katika milimita, aandike, kisha ayamwage. Siku isiyo na mvua aandike 0, maana nayo ni habari. Baada ya masika mbili tatu mtajua katika nyumba yenu mvua ya kupandia ilianza lini, bila ya kutegemea kumbukumbu za ubishi. Na mwenye shamba karibu na mpaka wa hifadhi, mwanawe na aandike siku ambazo tembo waliingia, saa gani, na kwa upande gani wa shamba. Mtu aendaye kwa Afisa wa Wanyamapori na kusema, “Tembo wanatumaliza,” husikilizwa. Lakini yule aendaye na daftari lenye siku na saa humsaidia Afisa kujua askari wasimame wapi.

Mwisho, yatupasa kukumbuka ya kuwa serikali nayo hufanya kazi ile ile ya vizibo, ingawa kwa vifaa vikubwa. Katika sensa ya mwaka 2012, Mkoa wa Mara ulihesabiwa kuwa na watu 1,743,830. Katika sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita na vishikwambi, walipatikana watu 2,372,015. Wanafunzi wa darasa la tano na kuendelea, toeni wenyewe mwone: wamezidi watu 628,185 kwa miaka kumi. Hesabu hiyo peke yake haisemi ni wangapi waliozaliwa na ni wangapi waliohamia. Walakini yatosha kutuambia ya kuwa madarasa, walimu na visima vilivyotosha mwaka 2012 haviwezi kutosha leo. Mzazi afichaye mtoto mmoja karani apitapo, ajue ya kuwa amemnyima mwanawe mwenyewe mahali katika dawati.

Sasa nawaachia kazi, ninyi wanafunzi. Juma hili, kila darasa litafute swali moja dogo ambalo hapana ajuaye jibu lake: ndege gani huja zaidi katika mti wa shule, au siku gani ya juma wengi hukosa shule, au maua ya maharagwe bustanini huchukua siku ngapi hata yatoe maganda. Patanane mafungu, hesabuni, andikeni tarehe juu ya karatasi, kisha mketi na kuulizana yale maswali matatu: twaona nini, tofauti ni kiasi gani, na twaweza kusema nini kwa haki. Karatasi hiyo msiitupe. Itundikeni ukutani, na mwakani wadogo zenu wahesabu tena jambo lile lile, wapate kulinganisha.